Kuunganisha Makanisa ya Vijijini kwa Njia Moja ya Mzunguko: Maelezo kutoka Tabora

Matembezi ya miguu yanayoanzia kanisa moja la kijijini, yakapitia mengine mawili au matatu na kumrudisha mtembezi alipoanzia bila kukanyaga njia ileile mara mbili, huonekana kuwa jambo jepesi mpaka mtu ajaribu kuyapanga katika vijiji vya Uyui au Sikonge. Kazi yangu ni kupanga na kuongoza matembezi ya aina hiyo, na vijana wanaotaka kuianza huniuliza mara kwa mara kwa nini siichori njia nikiwa mezani kwa picha za setilaiti, halafu nikaenda kuihakiki tu. Picha huonyesha mstari, lakini haionyeshi nani anaupita, wakati gani na kwa haja gani. Na njia isiyo na wapitaji, hapa kwetu, hufungwa na majani ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Ugumu wenyewe unaanzia katika namna makanisa yalivyoenea. Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadre Weupe, walifika Tabora mwaka 1878 kwa njia ya misafara iliyotoka pwani. Wamoravian nao walikipokea kituo cha Urambo kutoka kwa London Missionary Society mwaka 1898, wakafungua Sikonge mwaka 1902. Vituo vikuu vilizaa vigango na sharika pembezoni mwake, na katekista au mwinjilisti wa mahali alikuwa akienda kituoni kupokea mafundisho na kurudi, huku padre au mchungaji akitoka kituoni kuwazungukia waumini kwa ratiba. Njia za kanisa zikawa zinatoka katikati kwenda nje, kama spoki za gurudumu la baiskeli, kwa kuwa mara chache sana palikuwa na haja ya kikanisa ya kutoka kigango kimoja hadi cha jirani bila kupitia kituoni. Hata leo ukimwuliza katekista njia ya kwenda kigango cha pili, huenda akakuelekeza parokiani kwanza, na atakuwa amekujibu kwa uaminifu kabisa.

Mzunguko, kwa hiyo, hupatikana kwa njia za kukatiza, ambazo zimetengenezwa na shughuli nyingine: mashine ya kusaga, kisima kisichokauka, mnada, shule ya msingi inayotumiwa na vijiji viwili, na ndoa. Ndiyo maana mazungumzo yangu ya kwanza kijijini hayahusu makanisa. Baada ya kuitikiana «mwangaluka» na kukaribishwa kigoda, namwuliza mama mwenye nyumba anasaga wapi mahindi mashine ya hapa inapoharibika, anachota maji wapi mwezi wa Oktoba, na dada zake wameolewa vijiji gani. Mwisho nauliza watu hupita wapi kukiwa na msiba upande wa pili, kwa sababu msibani huendwa haraka, na njia ya msiba mara nyingi ndiyo fupi kuliko zote na ndiyo inayopitika hata usiku. Mkatoliki na Mmoravian wasiosali pamoja husaga mashine moja na huzikana, na ni njia hizo zinazoniwezesha kuunganisha kigango na usharika ambavyo kikanisa havina shughuli ya pamoja.

Wageni waliowahi kutembea Uingereza hudhani kwamba mpango wa kule unaweza kuhamishiwa huku. Kule vijiji vimekaribiana, na jimbo la Norfolk peke yake lina makanisa zaidi ya 600 yaliyojengwa katika Zama za Kati. Zaidi ya hapo, sheria ya mwaka 1949 iliziagiza mamlaka za maeneo kuziandika njia za miguu za umma katika ramani rasmi, hivyo mtembezi anaweza kukatiza shamba la mtu akiwa na haki iliyoandikwa. Kwetu njia nyingi za miguu huishi kwa matumizi na kwa ridhaa. Mkulima akisogeza mpaka wa shamba lake la tumbaku, njia husogea nayo, na wapitaji huizoea upya baada ya wiki chache bila kuiambia ofisi yoyote.

Jambo linalowashangaza watembezi kuliko yote ni kulikuta kanisa limesimama peke yake, mbali na nyumba, likiwa na miembe mikubwa na makaburi machache tu. Aghalabu si kanisa lililowafuata watu porini. Watu ndio walioondolewa. Katika miaka ya 1920 na 1930 utawala wa Waingereza uliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwatenga na mbung'o waenezao malale, na miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha tena wengi kwenda kando ya barabara. Makanisa ya matofali hayakuweza kuhama. Mimi huyapa makanisa haya nafasi ya kwanza ninapopanga, hata kama yanarefusha njia, kwa sababu mtembezi aliyefika hapo na kuelezwa alipo ndipo anapoielewa ramani ya vijiji vyote atakavyovipita baadaye.

Majengo yenyewe yanastahili kutazamwa kwa karibu. Matofali mengi ya kuchoma katika vijiji hivi yamefyatuliwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hushikamana vizuri kuliko udongo wa kichanga unaouzunguka. Ukipitisha kiganja ukutani utagusa mifereji iliyoachwa na vidole vya mfyatuaji alipokuwa akisawazisha uso wa tofali bichi, na mahali pengine alama ya unyayo wa mbuzi aliyepita matofali yakiwa yameanikwa juani. Hatua chache kutoka hapo huwa pana shimo pana lenye kina kifupi, ambalo wakati wa masika hugeuka kidimbwi: ndiko udongo ulikotoka. Kengele nayo mara nyingi ni rimu ya gari, au kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye tawi la mwembe, nasi tuna reli tangu mwaka 1912 ilipofika Tabora. Kipande hicho huwa na kutu mwili mzima isipokuwa sehemu moja, upana wa viganja viwili hivi, inayong'aa kwa kugongwa na nondo kila wiki.

Kuhusu msimu nitasema kwa kifupi: Juni na Julai. Kabla ya hapo majani huwa marefu kuliko mtu, na mbuga, yaani yale mabonde ya udongo mweusi yanayolimwa mpunga, bado hunata na kung'oa viatu. Kuanzia Agosti miombo mingi hupukutisha majani, kivuli hupungua na mioto ya porini huwa mingi. Anayetoka Dar es Salaam akumbuke kwamba jua la Tabora huchomoza takriban nusu saa baadaye kuliko la kwao, karibu saa moja kamili asubuhi katika miezi hiyo, kwa hiyo kupanga kuondoka saa kumi na mbili ni kupanga kutembea gizani. Mzunguko uanze kuelekea magharibi na kurudi kuelekea mashariki, ili jua liwe mgongoni asubuhi na alasiri pia. Na kwa kuwa saa za mchana za Juni jua huwa upande wa kaskazini, miti iliyo kaskazini mwa njia ndiyo itakayotia kivuli. Maeneo ya wazi ya mbuga yavukwe mapema. Katika mapori yenye mbung'o, nguo za buluu na nyeusi ziachwe nyumbani, kwa sababu rangi hizo huwavuta.

Siku ninayoipendekeza ni Jumamosi. Jumapili makanisa yako wazi, lakini watu wamekuja kusali, nao hawakuja kutazamwa. Siku za kazi milango hufungwa na mwenye ufunguo yuko shambani. Jumamosi kuna wanaofagia, kuna mazoezi ya kwaya, na Wasabato wako ibadani, hivyo kanisa lao lipitwe kimya kimya au mgeni aombe nafasi ya kukaa nao.

Kabla mgeni yeyote hajapita, njia nzima mimi huipeleka kwa mwenyekiti na mtendaji wa kila kijiji inakopita. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji, na pale ambapo mpango wa matumizi ya ardhi unaandaliwa, mimi huomba njia za miguu zichorwe ndani yake pamoja na malisho, misitu na visima, kisha mpango upelekwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Wanaozitetea njia hizo mkutanoni kwa nguvu zaidi ni kina mama wanaobeba debe la mahindi kichwani, ambao hawana habari na matembezi yangu lakini wanajua kila kona ambayo shamba jipya limeiziba.