Je, wajua ni nini kinachoshikilia tairi kwenye ringi?

Si gundi, wala si zile nati nne au tano unazoziona. Nati zinafunga ringi kwenye gari. Tairi lenyewe linashikwa na upepo.

Ukingo wa ndani wa tairi, yaani mdomo wake, una nyaya za chuma zisizovutika. Sasa ulipitaje juu ya ukingo wa ringi? Katikati ya ringi kuna bonde. Mtazame fundi pancha akifanya kazi: anausukumia mdomo bondeni upande mmoja, ndipo upande wa pili unapata nafasi ya kuvuka. Anapaka maji ya sabuni, anajaza upepo, na ghafla unasikia "pa!", kisha "pa!" nyingine. Ni midomo miwili ikipanda kutoka bondeni na kukaa mahali pake. Tangu hapo, kwa gari dogo, upepo wa psi 30 hadi 35 hivi unaibana kwenye ringi usiku na mchana.

Upepo ukipungua, safari ile hurudi kinyumenyume. Unakata kona kwa kasi, gari linalalia nje, lami inaling'ang'ania tairi huku ringi ikiendelea kusukumwa. Mdomo unateleza, unatumbukia bondeni, na upepo uliobaki unatoka wote kwa mkupuo.

Shimo la barabarani linaweza kupinda ringi, na kutu huacha mianya ya kuvujia. Ila ninachokiogopa zaidi ni msumari mdogo kwenye tairi lisilo na tyubu: unaziba tundu lake wenyewe, upepo unavuja taratibu kwa siku kadhaa, na dereva hahisi lolote mpaka afike konani. Kwa hiyo pima upepo asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata joto kipimo hupanda na kukudanganya. Kiwango sahihi mara nyingi kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva.

Kuna wanaopunguza upepo kwa makusudi. Madereva wa jangwani Oman hushuka hadi psi 15 hivi ili tairi litandazike juu ya mchanga, na hapo hawathubutu kukata kona kwa ghafla. Wengine hufunga ringi maalumu yenye pete ya chuma inayoubana mdomo kwa boliti kuizunguka ringi nzima.