Denmark na Kesi ya Kima cha Chini cha Mshahara

Huku kwetu Tanzania serikali ikitangaza kima cha chini, wafanyakazi hushangilia, au hunung'unika kwamba ni kidogo. Basi anayesikia kuwa Denmark iliishitaki sheria ya Ulaya ya kima cha chini, tena vyama vya wafanyakazi vikiwa upande wa serikali, hudhani amesikia vibaya.

Denmark haina kima cha chini cha kisheria. Sweden nayo haina. Mishahara hupangwa na vyama na waajiri katika mikataba ya hali bora, serikali ikikaa pembeni. Kwa Denmark mizizi yake ni maafikiano ya Septemba 1899, waajiri walipokuwa wamewafungia wafanyakazi milango kwa miezi.

Kuna na kidonda cha karibu zaidi. Mwaka 2004, mjini Vaxholm, Sweden, kampuni ya Latvia ilikuwa ikikarabati shule kwa mafundi kutoka kwao. Ilipokataa kusaini mkataba wa Kiswidi, chama cha wajenzi kilizuia kazi, na mafundi umeme wakasusia kazi ili kuwaunga mkono wenzao. Desemba 2007 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, iliamua kwamba hatua ile ilikiuka uhuru wa kampuni kutoa huduma katika nchi nyingine ya Umoja. Aliyeumwa na nyoka, nadhani mnajua anavyoutazama ukuti.

Sheria iliyoshitakiwa, agizo la Umoja wa Ulaya la 2022, halimlazimishi asiye na kima cha kisheria akianzishe. Lakini linataka nchi ambayo mikataba inawafikia wafanyakazi chini ya asilimia 80 iandae mpango wa kuipanua. Hoja ya Denmark ilikuwa ya mamlaka: kifungu cha 153 cha mkataba wa Umoja wenyewe kinauweka mshahara na haki ya kugoma nje ya mikono ya Brussels. Mimi naiona hoja nzito. Hata mwanasheria mshauri wa mahakama alipendekeza, Januari 2025, agizo lifutwe lote.

Majaji hawakumfuata. Tarehe 11 Novemba 2025 walifuta sehemu mbili tu: vigezo vya lazima vya kupanga kima, na katazo la kukishusha pale kinaporekebishwa chenyewe kwa kanuni iliyowekwa. Mengine yakabaki.

Sehemu zote mbili zilihusu nchi zenye kima cha chini cha kisheria. Denmark haimo.