Draiva ya kadi ya picha ikigoma kwenye Linux, isikilize kerneli kwanza

Laptopu nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue na Moi Avenue, jijini Nairobi, ni za mtumba, na zile wanazozipenda wahariri wa video wa River Road huwa na kadi mbili za picha: ya Intel ndani ya prosesa, na ya NVIDIA kando yake. Mtu anaweka Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, anaongeza draiva ya NVIDIA, anaizima mashine na kuiwasha, halafu skrini inabaki nyeusi au video inakwamakwama. Hapo ndipo wengi hufuta mfumo mzima na kuanza upya, jambo ninalowasihi waliache. Draiva hiyo ni mamia ya megabaiti. Kwa anayenunua bando, kuipakua tena bila kujua kilichoizuia ni hasara tupu, na sababu yenyewe kerneli, kiini cha mfumo, imeshaiandika.

Anza na `lspci -k`. Amri hii hutaja kila kifaa na draiva inayokiendesha wakati huo. Tafuta kadi ya NVIDIA. Chini yake pakiandikwa `Kernel driver in use: nvidia`, draiva imepakiwa, tatizo liko kwingine. Pakiandikwa `nouveau`, kadi imeshikwa na draiva huria inayokuja na kerneli. Pasipo na mstari huo, hakuna draiva iliyoichukua.

Kisha andika `sudo modprobe nvidia`, amri ya kupakia draiva kwenye kerneli, usome jibu neno kwa neno. Naiamini amri hii kuliko programu yoyote ya uchunguzi, kwa kuwa ikikataa hueleza sababu.

Ikisema `Key was rejected by service`, aliyekataa ni Secure Boot, ulinzi wa uwashaji unaokubali tu programu zenye saini inayotambulika. Moduli (kipande cha draiva kinachopakiwa kwenye kerneli) iliyojengwa na DKMS, programu inayojenga moduli kwa kila kerneli, kwenye mashine yako haina saini inayotambulika, basi inazuiwa kama mgeni asiye na kitambulisho kwenye geti la jengo la ofisi mjini. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`. Ubuntu inapoweka draiva ya namna hii hukuomba utunge nenosiri, na mashine ikiwaka tena hutokea skrini ya buluu. Bonyeza kitufe chochote, chagua `Enroll MOK`, yaani kusajili ufunguo wa saini wa mashine yako, andika nenosiri lile. Skrini hiyo husubiri sekunde 10 tu kisha inapita, na wengi huikosa kwa sababu hakuna aliyewaambia itakuja. Ikikupita, irudishe kwa `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, kisha washa upya. Wapo mafundi wanaozima Secure Boot na kumaliza kazi. Inafanya kazi, lakini ninapendelea kusajili ufunguo, maana ulinzi ule unazuia mtu kuchezea hatua za uwashaji, na laptopu ya kazi hupita mikono mingi.

Jibu likiwa `Module nvidia not found`, moduli haikujengwa kwa kerneli unayoitumia sasa. Linganisha `uname -r` na `dkms status`. Mara nyingi kerneli ilisasishwa bila faili zake za vichwa (headers) zinazohitajika kujengea moduli, au stima ilipotea katikati ya usasishaji. Malizia kwanza kazi iliyokatika kwa `sudo dpkg --configure -a`, weka `linux-headers-$(uname -r)`, kisha `sudo dkms autoinstall`. Ujenzi ukishindwa, soma `make.log` ndani ya `/var/lib/dkms`.

`No such device` huwachanganya watu, kwa kuwa kadi wanaijua ipo. Soma `sudo dmesg | grep NVRM`, yaani mistari ya draiva ya NVIDIA kwenye kumbukumbu za kerneli. Huenda nouveau imeshaishika kadi. Huenda pia kadi ni ya zamani kuliko draiva, na kerneli itakutajia mfululizo wa draiva unaoifaa: kadi za kizazi cha Kepler, kilichotoka 2012, mwisho wao ni 470, za Fermi ni 390. Mwenye Fermi namshauri abaki na nouveau, kwani NVIDIA iliacha kuihudumia 390 mwishoni mwa 2022.

Kadi za AMD hazinisumbui sana. Draiva yake imo ndani ya kerneli, na ikigoma naangalia kwanza kama kifurushi cha `linux-firmware` kimepitwa na wakati.

Kuna mtego mmoja usiotoa kosa lolote: `nomodeset`, agizo linalopewa kerneli wakati wa kuwasha. Watu huiweka ili wavuke skrini nyeusi, kisha inasahaulika ndani ya `/etc/default/grub`, mipangilio ya GRUB, programu inayowasha mfumo. Ikiwepo, draiva za Intel, AMD na nouveau hazifanyi kazi yake, na uchoraji wote unaangukia prosesa. `cat /proc/cmdline` itakuonyesha kama ipo. `glxinfo -B` ikitaja `llvmpipe`, ndiyo hali hiyo. Iondoe, kisha `sudo update-grub`.

Na skrini ikiwa nyeusi kabisa, jaribu Ctrl+Alt+F3 uingie kwa maandishi matupu, au pitia hali ya uokoaji kwenye menyu ya GRUB. Ukiingia kwa njia hiyo ya uokoaji, `journalctl -k -b -1` huleta kumbukumbu za uwashaji uliotangulia. Ukiniandikia kuomba msaada, nitumie mistari hiyo pamoja na matokeo ya `lspci -k`.