Uviking ulikuwa kazi, si damu

Wengi huamini Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia (Ulaya ya kaskazini) waliosafiri kuvamia na kufanya biashara, walikuwa kabila moja la watu wenye nywele za dhahabu. Sivyo. Uchunguzi wa jenomu (seti nzima ya vinasaba vya mtu) 442 za kale, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2020, ulionyesha kuwa damu ya Ulaya ya kusini ilikuwa imeshaingia Skandinavia, na wengi walikuwa na nywele za kahawia. Ushahidi mzito zaidi uko visiwa vya Orkney, Scotland: wanaume wawili walizikwa Kiviking, pamoja na panga, ilhali vinasaba vyao ni vya wenyeji. Iceland nayo, kisiwa walichohamia Waviking, wanawake waanzilishi wengi walitoka Ireland na Scotland. Hilo husomeka kwenye DNA ya mitokondria, ambayo mtoto huirithi kwa mama.