Chapa ya ndege iliyotiwa rangi kwa mkono: maana yake

Katika minada ya vitu vya kale huko London au New York, chini ya picha ya kasuku au ndege wa peponi huandikwa hivi: chapa ya bamba la shaba, rangi ya mkono. Wengi wakisoma hudhani ni mchoro wa mtu mmoja, wa pekee duniani. Sivyo. Mistari imechapwa, rangi imepakwa, na mara nyingi kila kazi ilikuwa na mtu wake.

Anaanza mchoraji, anayemchora ndege kwenye karatasi. Mchongaji huuhamishia mchoro huo kwenye bamba la shaba nyekundu, kushoto kukiwa kulia. Anaweza kuchimba mistari kwa chombo cha chuma chenye ncha kali, au akalipaka bamba nta, akakwangua mchoro kwenye nta hiyo, kisha akaiacha tindikali iichimbe ile shaba iliyobaki wazi. Baadaye bamba hupakwa wino na kufutwa, wino ukabaki ndani ya mifereji tu, halafu hupitishwa mtamboni pamoja na karatasi yenye unyevu. Mtambo hukandamiza kwa nguvu hadi kingo za bamba zikaacha mbonyeo kwenye karatasi. Kinachotoka ni ndege asiye na rangi.

Hapo ndipo wanapoingia wapaka rangi, watu ambao kwa kawaida majina yao hayaandikwi kwenye chapa. Walikaa mezani na rangi za maji, mbele yao nakala moja ya mfano, wakapaka ndege yuleyule tena na tena. Palipotakiwa kung'aa, kama kwenye jicho, walipitisha gundi ya mgunga. Kwa hiyo nakala mbili za bamba moja zina mistari ileile, lakini wekundu wa bawa hili si wekundu wa bawa lile.

Uzito wa kazi yao unaonekana katika mkasa wa mchoraji John James Audubon, aliyetoa mabamba 435 ya ndege wa Amerika kati ya 1827 na 1838, kwenye karatasi zenye urefu wa karibu mita moja. Kazi ilianzia Edinburgh kwa mchongaji William Lizars. Mwaka 1827 wapaka rangi wa Lizars wakagoma, na Audubon akaihamishia London kwa mchongaji Robert Havell. Wachongaji hodari walikuwepo, ila bila wapaka rangi kazi ilisimama.

Si wote waliomudu kuajiri. Mwingereza Mark Catesby, aliyechora ndege wa Carolina na Bahamas, alijifunza kuchonga mabamba mwenyewe kwa kukosa fedha za kuwalipa mafundi.

Tusidhani pia kwamba waliochora ndege wa mbali walikuwa wamewaona wakiruka. Wengi walichora kutoka kwa ngozi zilizokaushwa zilizofika kwa meli. Ndege wa peponi kutoka New Guinea walifika Ulaya wakiwa wamekatwa miguu, ikazuka hadithi kwamba hawatui kamwe. Mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyewapa viumbe majina ya kitaalamu, alimpa mmoja wao jina la *apoda*, yaani asiye na miguu, na jina hilo analo hadi leo.

Kwa mnunuzi, shika lenzi ya kukuzia. Ukiona rangi imeundwa na vidoto vidogo vilivyojipanga, hiyo ni nakala ya kisasa ya mashine. Tafuta pia ule mbonyeo wa bamba, ingawa huenda ulikatwa karatasi ilipopunguzwa. Kigumu zaidi ni chapa halisi ya kale iliyouzwa bila rangi, kisha ikapakwa juzijuzi ili ipate bei: mistari ni ya kweli, rangi ni ya jana. Muulize muuzaji waziwazi rangi hiyo ni ya lini. Rangi iliyovuka mstari kidogo kwenye ncha ya mkia isikutie shaka. Fundi wa zamani naye alikuwa na haraka, na rundo la ndege lilikuwa bado linamngoja.