Maore, au Mayotte: yanayosemwa na yalivyo

Kati ya Madagaska na pwani ya kaskazini ya Msumbiji kuna kisiwa ambacho wenyewe hukiita Maore na Wafaransa hukiita Mayotte. Eneo lake ni kilomita za mraba 374. Unguja inakizidi zaidi ya mara nne. Kwa udogo wake kimebebeshwa maneno mengi, na sehemu kubwa ya maneno hayo imekaa upande.

"Ni kisiwa kimoja"

Vinavyokaliwa ni viwili, Grande-Terre na Petite-Terre, mbali na vijisiwa vingine. Uwanja wa ndege uko Pamandzi, kwenye kile kidogo, na Mamoudzou, mji mkubwa wenye ofisi na soko, uko kwenye kile kikubwa. Anayeshuka kwenye ndege hupanda pantoni kwanza, na foleni zake mtu wa Kigamboni angezielewa bila kufafanuliwa. Visiwa vyote vimezungukwa na wangwa mpana unaofungwa na miamba ya matumbawe, na sehemu nyingine miamba hiyo ni safu mbili.

"Ufaransa ilikipora Komori ilipopata uhuru"

Hili ndilo linalorudiwa zaidi, na ndilo lenye mambo mengi ndani yake.

Ufaransa iliingia Maore mapema. Tarehe 25 Aprili 1841 Sultani Andriantsoly, mfalme wa Kisakalava aliyekimbia vita vya kwao Madagaska, alitia saini mkataba wa kuwapa Wafaransa kisiwa, naye alipwe posho ya kila mwaka. Hakuwa na mapenzi na Paris. Aliwaogopa majirani, kisiwa cha Anzwani hasa. Ngazija, Anzwani na Mwali, visiwa vingine vitatu vya Komori, ziliingia chini ya ulinzi wa Ufaransa miaka ya 1880, kwa hiyo Maore ilikuwa imeshaishi na bendera ile zaidi ya miaka 40. Hofu ya jirani mkubwa ilibaki hata visiwa vyote vinne vilipotawaliwa pamoja.

Mwaka 1958 ukapitishwa uamuzi wa kuhamisha makao makuu kutoka Dzaoudzi, Maore, kwenda Moroni, Ngazija. Ofisi zikaondoka, mishahara ikaondoka, na biashara ndogondogo zilizotegemea mishahara hiyo zikadorora. Waliosimama mbele kupinga walikuwa wanawake, Zéna M'Déré akiwa mmoja wa viongozi wao. Silaha yao haina mfano katika siasa za ukanda huu: kiongozi akija kutoka Moroni, walimzunguka na kumtekenya mpaka akakimbilia chomboni. Anayedhani kwamba mwanamke wa Kiislamu wa visiwani hana sauti aanzie hapo. Akimaliza, ajue pia kwamba kwa desturi ya Maore nyumba ni ya mke, na mume ndiye anayehamia.

Kura ya uhuru ikapigwa tarehe 22 Desemba 1974. Katika visiwa vyote kwa jumla, karibu asilimia 95 walitaka uhuru. Ndani ya Maore, takriban asilimia 64 walikataa. Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya Komori, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, na Februari 1976 Maore ikapiga kura tena: zaidi ya asilimia 99 wakachagua kubaki na Ufaransa. Kwa hiyo anayesema Wamaore walishikwa mkono kwa nguvu anakosea.

Lakini anayesema kesi imekwisha naye anakosea. Umoja wa Mataifa uliipokea Komori Novemba 1975 ikiwa nchi ya visiwa vinne, Maore ikiwemo, na mwaka uliofuata Baraza Kuu likalaani kura ya Februari. Kwenye Baraza la Usalama, Ufaransa ilijikinga kwa kura ya turufu. Umoja wa Afrika nao unakihesabu kisiwa hiki kuwa cha Komori. Kwangu, doa liko kwenye utaratibu: sharti kwamba kila kisiwa kiamue kivyake lilipitishwa na Bunge la Ufaransa katikati ya mwaka 1975, wakati kura za Desemba zilikuwa zimeshahesabiwa. Matakwa ya Wamaore yalikuwa ya kweli, na kanuni ilibadilishwa mchezo ukiwa umechezwa. Yote mawili yanasimama.

"Ni mkoa wa Ufaransa kama mingine"

Kwenye karatasi, ndiyo. Kura ya Machi 2009 ilipita kwa zaidi ya asilimia 95, na tarehe 31 Machi 2011 Maore ikawa departimenti (ngazi ya utawala iliyo chini ya mkoa) ya 101 ya Ufaransa. Fedha ni yuro. Kuna prefeti, yaani mwakilishi wa serikali kuu anayeteuliwa Paris, wabunge wawili, maseneta wawili, manispaa 17, na baraza moja la kuchaguliwa linalobeba kazi za departimenti na za mkoa kwa pamoja. Ili kufika huko, mahakama za kadhi zilivuliwa mamlaka ya kuhukumu mwaka 2010 na ndoa mpya za mitala zikapigwa marufuku, katika jamii ambayo karibu yote ni Waislamu.

Wamaore walitoa vingi. Walichopata ni kidogo kuliko walivyotarajia. Kima cha chini cha mshahara kimekuwa chini kuliko cha Ufaransa bara. Takwimu za serikali za mwaka 2018 ziliwaweka asilimia 77 ya wakazi chini ya mstari wa umaskini wa Ufaransa. Mwaka 2023, ukame ulipokausha mabwawa, mabomba yalifunguliwa kwa zamu, na ilifika wakati maji yakatoka siku moja katika tatu.

"Ukifika Maore umefika Ulaya"

Hili limewagharimu wasemaji wa Kiswahili, hasa kutoka Kongo na Burundi, waliopitia Tanzania na Komori kisha wakapanda mashua. Kweli, tangu 2014 Maore ni eneo la pembezoni la Umoja wa Ulaya. Lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, na kibali cha kuishi kinachotolewa pale, kwa kanuni, hakimruhusu mgeni kupanda ndege kwenda Réunion, kisiwa kingine cha Ufaransa, au Paris bila ruhusa nyingine. Wengi waliishia kwenye vibanda vya maturubai kuzunguka uwanja wa mpira wa Cavani, Mamoudzou, kambi ambayo serikali ilianza kuibomoa Januari 2024.

Wageni walio wengi, hata hivyo, ni Wakomori. Hadi mwaka 1995 walivuka kutoka Anzwani, kama kilomita 70 tu, bila viza. Viza ilipoanza, safari hazikukoma. Ziliingia kwenye mashua ndogo zinazoitwa kwassa-kwassa, na bahari imemeza watu wengi. Sensa ya 2017 ilikuta karibu nusu ya wakazi 256,000 hawana uraia wa Ufaransa. Si wote waliotoka nje: kama theluthi yao walizaliwa hapohapo.

Ndiyo maana asilimia 59 ya kura za Maore zilimwendea Marine Le Pen katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais wa Ufaransa mwaka 2022. Wanaoshangaa kuona Waislamu weusi wakichagua mrengo mkali wa kulia wanasahau ajenda iliyowavuta: wahamiaji. Binamu wa Anzwani ndiye mgeni anayeogopwa.

"Wanazungumza Kiswahili"

Hapana. Kimaore ni tawi la Kikomori, ndugu wa karibu wa Kiswahili, na mtu wa Lamu atanasa maneno mengi, ila mazungumzo yatampita. Baadhi ya vijiji vinazungumza Kibushi, ambacho ni Kimalagasi. Lugha rasmi ni Kifaransa.

"Uchumi wake ni langilangi na vanila"

Ulikuwa, na kabla ya hapo ulikuwa sukari. Leo mashamba ya langilangi, maua ya kutengenezea manukato, ni machache. Fedha inayozunguka inatoka kwenye mishahara na ruzuku za serikali, na bidhaa zinazoingia bandari ya Longoni zinazidi mno zinazotoka. Hata mabawa ya kuku, chakula kinachopendwa kila kona, huja yamegandishwa kwenye makontena.

"Chido iliua maelfu, serikali ikaficha"

Kimbunga Chido kilipiga tarehe 14 Desemba 2024, kikali kuliko chochote kilichokumbukwa kwa takriban miaka 90, na kikafagia mitaa ya mabati. Prefeti mwenyewe alisema siku ya pili kwamba waliokufa huenda ni mamia, labda maelfu. Hesabu rasmi ikaishia takriban 40. Shaka ina sababu zake: Waislamu huzika haraka, na mtu asiye na karatasi haendi kujiandikisha popote. Ila msako uliofuata mitaani haukuleta maelfu hao, na makadirio yale ya kwanza yalitolewa barabara zikiwa bado zimefungwa na simu zimekatika.