Roboti za Mapigano za Kujiundia: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Katika mchezo wa roboti za mapigano, ambamo mashine zinazoongozwa kwa rimoti hupigana ulingoni, dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba ushindi ni wa yule ambaye silaha yake inazunguka kwa kasi kubwa zaidi. Ni kweli kwamba nishati ya silaha inayozunguka hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, yaani mizunguko ikiongezeka maradufu, nishati huwa mara nne. Lakini nishati hiyo haina faida yoyote ikiwa jino la silaha, yaani ncha yake inayogonga, halipati mahali pa kung'ata. Kina cha kung'ata hutegemea umbali ambao roboti mbili zimesogeleana tangu jino moja lipite hadi jino linalofuata lifike. Tuchukue silaha ya jino moja inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, ambayo ni mara 100 kwa sekunde, huku roboti ikimwendea mpinzani kwa mita 3 kwa sekunde: jino hilo linaweza kuingia hadi milimita 30. Likiongezwa jino la pili, kina kinashuka hadi milimita 15. Kasi nayo ikipandishwa hadi mizunguko 12,000, zinabaki milimita 7.5, na kinachosikika sasa ni mkwaruzo wa chuma juu ya chuma, cheche zikiruka bila mpinzani kuinuliwa wala kupasuliwa. Kwa sababu hiyo waundaji wengi huchagua jino moja na kuweka uzito wa kulisawazisha upande wa pili, kisha hutafuta mng'ato mzuri kwa kumvamia mpinzani kwa kasi. Magurudumu na mikono ya dereva, kwa hiyo, ni sehemu ya silaha.

Wapo wanaosadiki kwamba roboti isiyovunjavunja haiwezi kushinda. Lakini roboti iitwayo Chaos 2 ilitwaa ubingwa wa Robot Wars, mashindano ya televisheni nchini Uingereza, mara mbili, katika msimu wa 3 na wa 4, kwa bamba la kupindulia lililosukumwa na gesi iliyoshindiliwa, na ilisifika kwa kuwarusha wapinzani nje ya ulingo. Pambano kwa kawaida huchukua dakika 3, na roboti isiyoweza kusogea huhesabiwa, mara nyingi hadi 10, kisha hutangazwa kuwa imeshindwa. Muda ukiisha zote zikiwa bado zinatembea, majaji hupima madhara yaliyofanyika, ari ya kushambulia na umahiri wa kuutawala mchezo.

Kuhusu gharama na elimu, hofu ni kubwa kuliko inavyostahili. Wengi wameona tu mashine za uzito wa juu za BattleBots, mashindano ya televisheni ya Marekani, ambazo hufikia ratili 250, takriban kilo 113, wakadhani hapo ndipo mchezo unapoanzia. Yapo madaraja ya gramu 150, ya ratili 1 na ya ratili 3, ambamo mwili wa roboti huchapishwa kwa printa ya plastiki au hukatwa kwa msumeno wa mkono. Mtu hahitaji shahada ili aanze. Anahitaji subira ya kulehemu waya vizuri.

Nasisitiza waya kwa makusudi. Huaminiwa kwamba roboti hushindwa kwa sababu silaha ya adui imezishinda nguvu zake, ilhali mara nyingi mno huzimwa na kiungio kilichochomoka, skrubu iliyolegea kwa mtikisiko, au kipokezi cha rimoti kilichotoka mahali pake. Kwa maoni yangu, saa moja ya kuigongesha roboti ukutani siku chache kabla ya mashindano ina thamani kuliko mota mpya. Hata deraya si suala la chuma kigumu peke yake: plastiki ngumu ya polietilini hubonyea, hunyonya kishindo na kurudi, wakati alumini nyembamba huchanika na kupinda hadi ikalibana gurudumu.

Dhana ya hatari kuliko zote ni kwamba roboti ndogo ni kichezeo. Marc Thorpe alipoanzisha mashindano ya awali ya Robot Wars huko San Francisco, Marekani, mwaka 1994, mchezo ulikuwa mchanga, na haikuchukua muda kabla ya Blendo, roboti ya Jamie Hyneman, kuondolewa kwenye mapambano kwa kuonekana ni hatari mno. Hata roboti ya ratili 3 inaweza kumkata mtu vidole. Silaha huendelea kuzunguka baada ya umeme kukatwa, kwa hiyo kanuni hudai isimame ndani ya muda maalumu, na mawimbi ya rimoti yakipotea silaha na magurudumu vizimike vyenyewe. Nje ya ulingo silaha lazima ifungwe kwa pini ya chuma, ambayo huchomolewa mwisho kabisa wakati wa kuingia na kurudishwa kabla ya kitu kingine chochote wakati wa kutoka. Betri za lithiamu polima nazo zisichajiwe bila mtu kuzisimamia, na ile iliyotobolewa au kuvimba isirudishwe kwenye roboti hata kama bado ina umeme, kwani inaweza kuwaka dakika kadhaa baada ya pigo, wakati mwenye nayo ameshaiweka mezani akidhani pambano limekwisha.